Magunia Matano Yasiyohesabiwa

Siku maafisa wa mpakani, upande wa Uganda, walipoumwaga unga wa Kanamugire katika shimo la taka, yeye hakugombana nao. Alisimama kando, kofia mkononi, akatazama pakiti za karatasi ya kaki zikichanwa moja moja na unga wa rangi ya mchanga ukipeperushwa na upepo. Mkewe Uwingabire, aliyekuwa amebeba furushi jingine mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto, alilikaza fundo lake kwa hasira. Ofisa mmoja, mwanamke wa makamo, aliwaambia bila ukali kwamba dawa ya wadudu isiyo na namba ya usajili, kwa upande huu wa mpaka, haina tofauti na sumu iliyookotwa njiani. Iandikisheni, akasema, mkija na namba nitawapisha mimi mwenyewe.

Njia nzima ya kurudi Masisi, Kongo, Uwingabire alimlaani yule mama kimoyomoyo. Kanamugire hakufungua kinywa mpaka waliposhuka garini na kuanza kupanda kilima cha kwao, Bihambwe, kwa miguu.

"Mama Mucyo," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ule mama alisema kweli."

"Kweli gani? Amemwaga kazi yetu yote!"

"Muntu wa Kisoro atajua namna gani kama mu ile karatasi hatukutia dawa ya panya? Anaona sura yangu tu. Na sura haitoshe. Tutaiandikisha."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwonyesha kosa lake alikushukuru, na jambo hilo lilimchosha mkewe kuliko ulevi unavyowachosha wake wengine.

Kanamugire alizaliwa katika ukoo wa wakulima waliokuwa wakilima vilima vile tangu babu wa babu. Ujana wake alifanya kazi ya kufundisha wakulima wenzake kwa niaba ya chama cha ushirika ambacho baadaye kilikufa. Chama kilipokufa yeye alibaki na jambo moja tu kichwani: fukusi, mdudu mdogo anayetoboa maharage ghalani. Alijua, kama kila mtu wa Masisi anavyojua, kwamba mama anaweza kuvuna gunia la maharage mwezi wa kwanza, na kufikia msimu wa kupanda akalifungua akakuta nusu ni vumbi na punje zilizotobolewa. Juu ya kilima chao kulikuwa na pareto, yale maua meupe yenye kitovu cha njano. Kanamugire aliyakausha kivulini, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa, akachanganya na majivu laini. Alikosea vipimo miaka miwili. Mwaka wa tatu gunia lililonyunyiziwa unga wake lilikaa miezi mitano bila tundu hata moja.

Mfanyabiashara mmoja wa Kisoro, Papa Nizeyimana, aliyekuwa akija kununua maharage, alichukua unga kidogo akaujaribu katika ghala lake ng'ambo ya mpaka. Alirudi akitaka mzigo mzima. Mzigo huo ndio ulioishia shimoni.

Basi wakaanza kuandikisha. Nizeyimana alikubali kuwa mdhamini wao upande wa Uganda, kwa maana sheria ilidai mtu wa huko atakayeulizwa dawa ikileta madhara. Goma walimpata Élie, kijana aliyevaa miwani na kujua njia zote za makaratasi. Kazi yake ilikuwa kusajili dawa za wageni ziingie Kongo. Hakuna aliyewahi kumwomba amsaidie kuitoa ya Kongo iende nje, na neno hilo lilimfanya acheke, kisha akasimama akampa Kanamugire mkono kwa mara ya pili.

"Dosie haina huruma, Papa," aliwaonya, akipigapiga jalada la makaratasi. "Banataka kujua mu unga kuko nini, kwa kipimo. Banataka karatasi ya laboratwari. Banataka etiketi. Na banataka esai, ni majaribio, za misimu mbili: maharagi yenye dawa na maharagi bila dawa, siku makumi tisa, kuhesabu kila siku makumi tatu. Ukiruka siku, esai imekufa."

"Bila dawa ya nini?" Uwingabire aliuliza. "Ile si itakuliwa na wadudu?"

"Itakuliwa, Mama. Njo kazi yake. Kwa Kifaransa tunaiita témoin. Shahidi. Bila shahidi, nani atasadiki kama wadudu walikuwako?"

Kanamugire alilipenda neno hilo. Katika ghala dogo la udongo nyuma ya nyumba alipanga magunia kumi na mawili. Nane yalikuwa na unga. Manne hayakuwa na kitu, na hayo aliyaita mashahidi. Alikuwa akiyasalimu kila asubuhi kama wazee. Kila baada ya siku thelathini alichota punje mia moja katika kila gunia, akazimwaga juu ya ungo, akahesabu zenye matundu. Yeye alihesabu, Uwingabire aliandika. Mwandiko wa Kanamugire ulikuwa mbaya, herufi zikilala kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na Élie alikuwa ameomba daftari safi. Ndiyo maana kalenda pia ilikuwa mkononi mwa Uwingabire. Yeye ndiye aliyejua leo ni siku ya ngapi.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Karatasi ya laboratwari ilipatikana. Etiketi Kanamugire aliichora mwenyewe, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza alichosaidiwa na Nizeyimana: mikono inanawa, mtoto amewekwa mbali, maharage yanaoshwa mara tatu kabla ya kuingia chunguni. Jina la dawa likawa Linda Akiba. Mama yake mzazi, Nyiransabimana, aliyekuwa akiishi nao, aliuliza mbona jina la mwanawe halikuandikwa kwenye pakiti. Kanamugire akamwambia jina lake litakuwa ndani ya dosie, ambako ndiko wakubwa wanakosoma.

Msimu wa pili, siku ya sitini na nne, vita vilifika Bihambwe.

Waliondoka na walivyoweza kubeba. Uwingabire alibeba sufuria, blanketi na daftari. Kanamugire alimbeba mama yake mgongoni katika miteremko, na begani akaning'iniza mfuko mdogo wa unga uliobaki. Magunia hayakubebeka. Walifunga mlango wa ghala kwa kamba ya mgomba, na jirani yao, Jean de Dieu, ambaye hakutaka kuwaacha ng'ombe wake, aliahidi kulitupia jicho. Walitembea mpaka Lushebere, karibu na mji wa Masisi, wakapata nafasi ya kusimamisha kibanda cha hema kambini, kati ya maelfu ya watu waliokuwa wameacha mlango uliofungwa kwa kamba mahali fulani.

Hapo kambini ndipo Uwingabire alipotamka neno ambalo baadaye angetoa chochote ili alirudishe kinywani. Ilikuwa asubuhi, anakoroga uji wa mtama. Mume wake alikuwa anatengeneza mfereji wa maji kuzunguka kibanda.

"Leo ni siku ya makumi nane na saba," alisema.

Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa amezoea kuhesabu, hivyo tu. Kanamugire aliacha jembe. Akakaa juu ya jiwe.

"Inabakia siku tatu," alisema. "Bantu banasema tangu juzi huko kumetulia."

"Papa Mucyo, usinifanyie hivyo."

"Nitaenda, nitahesabu, nitarudi. Ni masaa mbili ya kazi. Tukikosa ile hesabu tumekosa miaka tatu."

Nyiransabimana alisikia kutoka ndani akatoka akiwa amejishikilia nguzo. Alimtazama mwanawe, kisha mkaza mwanawe. Kanamugire aliondoka kesho yake akiwa na kipande cha karatasi na kalamu mfukoni, kwa sababu daftari, alisema, lisinyeshewe.

Hakurudi siku ya tisini, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu Jean de Dieu alifika kambini, bila ng'ombe, bila viatu. Uwingabire alimwona kutoka mbali akiuliza kibanda kwa kibanda. Alikaa chini palepale penye tope.

Jean de Dieu alisimulia akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi. Kanamugire alifika salama. Alikuta ghala zima, magunia yote kumi na mawili yapo. Alianza kuhesabu. Milio ya silaha ilianza upande wa barabara, kisha ikasogea.

"Nikakimbia kumuita. Nikamwambia, kaka, tuende, hii haiko ya mbali tena. Alikuwa amekaa chini na ungo. Akaniambia, bado magunia tano. Nikamuvuta mukono. Akasema, tangulia, niko nyuma yako. Bombe iliangukia pale. Ya ghala hakukubaki kitu. Yeye nilimupata kwa mulango, alikuwa amesimama kutoka. Labda alikuwa anakuya. Nilimuzika kandokando ya pareto, Mama. Sikuwa na sanda, nilimufunika na koti yangu."

Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na mistari saba ya ule mwandiko uliolala: gunia la kwanza, matundu mawili, la pili, sifuri, la tatu, moja, hivyo hivyo mpaka la saba. Chini ya saba aliandika nane, akaweka nukta mbili, na hapo kalamu iliishia.

Walilia siku tatu kambini bila kaburi la kulilia. Siku ya nne, watu walipokuwa wamerudi vibandani kwao, Nyiransabimana alisema kutoka pembeni alikolala, "Nani alimukumbusha siku?"

Uwingabire aliendelea kukunja blanketi.

"Ninauliza. Nani alimukumbusha?"

"Ni mimi, Mama."

Mama mkwe akageukia ukuta wa hema. Kuanzia hapo walikaa zaidi ya mwezi katika chumba cha hatua nne kwa tatu, wakipitishiana bakuli, wasiongee. Uwingabire aliona ni haki. Usiku na mchana alikuwa amejiuliza swali hilohilo, na hata yeye hakuwa akijisemesha kwa upole zaidi.

Élie ndiye aliyepiga simu. Alitoa pole, akalia kidogo kwa kweli, kwa maana alimpenda yule mzee. Kisha akasema dosie yote imekamilika ila jedwali la mwisho, na ofisi ya usajili ya Kampala ilikuwa inalisubiri.

"Mama, unisikilize kama mutoto wako. Magunia saba tunayo. Tano tutajaza. Mashahidi wa siku ya makumi sita walikuwa na matundu mangapi? Tunaongeza kidogo. Hakuna muntu atajua. Kila muntu anafanyaka vile. Ni kwa heshima yake, kazi yake isipotee."

Uwingabire alisema atafikiri. Alikaa na daftari magotini mchana kutwa. Angeweza kuijaza, alijua matundu yanavyoongezeka. Angeweza kukisia kila gunia na asikosee kwa punje tatu. Lakini kila alipoiweka kalamu kwenye mstari wa nane, alimwona amekaa na ungo, na akaona kwamba akiandika namba pale atakuwa anasema Kanamugire alihesabu mpaka mwisho, akafunga ghala, akarudi nyumbani. Hakuweza kumwandikia mume wake siku ambayo hakuipata. Tena miaka ile yote ya punje mia mia, mtu yule hakuwahi kuandika tundu ambalo hakuliona kwa macho. Mara moja walirudia gunia zima kwa sababu alikuwa amepiga chafya.

Akaandika, kwa mwandiko wake safi: *Gunia la nane hadi la kumi na mbili hayakuhesabiwa. Aliyekuwa anahesabu alifariki akiwa kazini.* Jean de Dieu akamtafutia mtu mwenye simu ya picha, na ukurasa ukaenda Goma.

"Mama," Élie alisema siku ile ile, sauti imeshuka, "umeua dosie." Lakini aliutuma kama ulivyo. Mtu aliweza kuona kwamba hata yeye hakuwa wa kubadilisha maneno hayo.

Jibu la Kampala lilikuja baada ya mwezi. Aliyeliandika hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa pole ya mistari miwili, kisha akaeleza kwamba jedwali pungufu haliwezi kupokelewa, ila kwa kuwa hesabu za nyuma zilifanywa kwa uaminifu, watakubali esai ndogo ya kufidia: vyombo vinane, vitano vyenye dawa na vitatu vya mashahidi, siku tisini, mbele ya fundi wa kilimo atakayetia sahihi. Dosie ingebaki wazi hadi mwisho wa mwaka.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Nyiransabimana alijigeuza kutoka ukutani.

"Vyombo munane," alisema. "Ni maharagi kiasi gani?"

"Kilo mbili kila chombo, Mama."

"Basi tutafute."

Uwingabire alilimia watu wa Lushebere mashamba yao na kulipwa maharage. Alitoka alfajiri akarudi jua likizama, na kila jioni aliongeza kikombe kimoja au viwili katika makopo ya mafuta ambayo Jean de Dieu aliyakata na kuyafunika kwa kitambaa. Fukusi hawakuhitaji kutafutwa, walikuja na maharage. Fundi wa kilimo, ambaye naye alikuwa mkimbizi vibanda kumi mbele, alikubali kutia sahihi. Unga wa ule mfuko mdogo ulitosha makopo matano, ukabaki konzi moja.

Nyiransabimana akawa mlinzi. Alitandika mkeka wake mbele ya makopo, akalala akiyagusa kwa mgongo. Alikuwa haoni vizuri, lakini aliweza kusikia fukusi wakitafuna ndani ya makopo ya mashahidi, sauti ndogo kama ya mvua inayoanza mbali. "Banakula," alikuwa akisema. "Bakule. Mutoto wangu alitaka bakule." Siku ya thelathini Uwingabire alihesabu na kuandika, na mama mkwe akamshikia ungo. Vidole vyao viligusana juu ya punje. Hakuna aliyeondoa mkono.

Hapo ndipo chakula cha msaada kilipokatika. Mara ya kwanza wagawaji walisema ni barabara, mara ya pili hawakusema kitu. Mashamba ya kulima yaliisha, kwa kuwa kila mkono kambini ulikuwa ukitafuta jembe. Katika kibanda cha jirani alikaa Naomie, mwanamke wa Kirolirwe ambaye kwao walikuwa na ng'ombe na maziwa ya kuuza, na ambaye sasa alikuwa na watoto wawili wanaokohoa. Mdogo, msichana wa miaka mitatu, alianza kuvimba miguu, na nywele zake zikageuka rangi ya majani makavu. Kila mtu Masisi anaijua bwaki, ugonjwa wa utapiamlo, akiiona.

Siku ya hamsini na nane Naomie alisimama mlangoni. Hakukaa.

"Mama Mucyo, siombe yale mazuri. Nipe yale ya wadudu. Yale munayaachilia yaoze."

Uwingabire alifungua kinywa. Nyuma yake Nyiransabimana akasema, "Yale njo mashahidi. Hayapikwe."

"Mama, ni maharagi."

"Ni kazi ya mutoto wangu. Alikufa kwa ile kazi."

Naomie aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha. Akaondoka. Kambini maneno yakaenea: kuna mke wa marehemu anayewalisha fukusi na watu wanalala njaa. Uwingabire akipita bombani, wanawake walinyamaza. Alimpa Naomie majani ya maboga na nusu ya uji wake, akajua hiyo haikuwa kitu.

Alivumilia siku kumi na tatu. Siku ya sabini na moja, mchana, alikwenda kumwangalia yule mtoto. Mtoto hakulia wala hakumfukuza inzi usoni. Uwingabire alirudi kibandani, akakaa mbele ya mama mkwe wake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, ninaenda kuyapika."

"Inabakia siku kumi na kenda."

"Ninajua. Mimi njo ninahesabuka siku. Nilihesabu mpaka nikamutuma mutoto wako kufa. Sitahesabu tena mpaka mutoto wa mwingine afe hapa pembeni yangu."

Nyiransabimana alivuta mikono yake. Alitoa sauti ambayo Uwingabire hakuisikia hata siku ya habari, sauti ya chini, ndefu, kama mlango mzito. Alilia hivyo mpaka akachoka. Kisha akajisogeza pembeni na mkeka wake, kidogo kidogo, mpaka makopo yakawa wazi.

"Uhesabu kwanza," alisema. "Ikuwe imehesabiwa. Halafu ulete ya mashahidi hapa, nichambue. Macho haioni, lakini vidole inajua tundu."

Wakahesabu makopo yote manane. Fundi wa kilimo akaitwa, akatia sahihi. Makopo matano ya dawa: punje zenye matundu, nne kati ya mia tano. Mashahidi watatu: mia moja themanini na sita kati ya mia tatu. Uwingabire akaandika chini: *Esai ilisimamishwa siku ya sabini na moja. Maharage yameliwa na watu.* Kisha aliosha yale ya dawa mara tatu, kama etiketi ilivyosema, na Naomie akaleta kuni, na mama mkwe akachambua yale mengine punje kwa punje, akipuliza vumbi. Walipika masufuria mawili makubwa. Mtoto alipewa mchuzi kwanza, kijiko kwa kijiko. Yaliyobaki yaliwatosha watu wa vibanda sita kwa siku nne, na baada ya siku nne njaa ilirudi palepale. Lakini siku ya tano yule mtoto alimfukuza inzi.

Élie hakumlaumu. Kwenye simu alimwomba amsomee tena yale maneno ya mwisho, ayaandike. Papa Nizeyimana alituma ujumbe kutoka Kisoro kwamba ataongea na wale wa ofisi, labda watakubali siku sabini. Hawakukubali. Sheria ilikuwa siku tisini, kwa watu wote.

Kabla barua yenyewe haijafika, vita vilifika Lushebere. Safari hii watu walikimbilia magharibi. Mucyo, mtoto wao wa pekee, alikuwa Walikale miaka mingi akichimba madini, na Uwingabire akaona hakuna pengine pa kwenda. Jean de Dieu alimbeba Nyiransabimana kama alivyokuwa akibebwa na mwanawe. Naomie na watoto walikuwa nao mpaka njia panda moja ya msituni ambako umati uligawanyika kwa kelele za risasi. Upande aliouchukua Naomie, Uwingabire hakuuona, na mpaka leo hajui. Huuliza kila anayetoka njia hiyo habari za mwanamke wa Kirolirwe mwenye watoto wawili, mdogo ana nywele za rangi ya majani makavu. Labda zimeshageuka nyeusi, huongeza, kwa hiyo usiangalie sana nywele.

Walikale ni joto na miti. Hapana kilima cha kuona mbali, na pareto haioti. Mucyo aliwapokea katika nyumba ya mbao, akalia alipoambiwa mahali baba yake alipozikwa, kwa sababu ni mahali ambapo hakuna anayeweza kwenda kwa sasa. Uwingabire alipata kipande cha shamba la mihogo. Alijifunza kuloweka mihogo, na mikono yake ikazoea harufu hiyo.

Barua iliingia katika simu ya Mucyo asubuhi moja ya Jumapili, imepigwa picha na Élie. Ilikuwa fupi. Ombi la kusajili dawa ya kuhifadhi nafaka iitwayo Linda Akiba limefungwa kwa kukosa takwimu kamili. Mwombaji anaweza kuomba upya wakati wowote, kuanzia mwanzo.

Uwingabire alimsomea mama mkwe wake. Akasoma polepole, akitafsiri kutoka Kiingereza kwa msaada wa Mucyo. Nyiransabimana alisikiliza amefumba macho, kichwa kimeegemea ubao.

"Wameandika mwombaji ni nani?"

"Wameandika, Mama."

"Soma."

"Kanamugire, wa Bihambwe, Masisi."

Kengele ya kanisa ilikuwa inapigwa upande wa mto, na Mucyo alikuwa akisubiri na shati lake safi.

"Basi alifika kwa wakubwa," bibi kizee alisema. "Wamekataa dawa, lakini yeye alifika." Akanyoosha mkono ukapapasa hewani mpaka ukapata goti la mkaza mwanawe, ukatulia hapo. "Nilikuuliza neno moja kule Lushebere. Usilibebe tena. Hata mimi ningemuzaa tena, angeenda tena."

Uwingabire aliinamisha uso juu ya ule mkono uliojaa mishipa, akalia kilio ambacho hakuwa amekipatia nafasi tangu siku ya tope. Mucyo alisogea kutoka mlangoni akakaa nao chini, shati safi na yote, na siku hiyo hakuna aliyekwenda kanisani.